Nani Alitoa Maboya?

Tulimwacha Siwema majini, maji yamemfika kifuani, mkono mmoja kashika boya jekundu, na nyuma yake sauti ya mwanamume inamwambia, "Dada, hilo liache hapo hapo."

Wiki nzima simu yangu haikupumzika. Msomaji mmoja wa Mwandiga kaapa kwamba mwanamume huyo ni Mhifadhi Mkuu Oswald, kaja kummaliza. Mwingine wa Gungu kasema ni mzimu wa ziwa. Poleni nyote wawili. Alikuwa Nehemia, mtunza ufukwe, suruali kaikunja hadi magotini na bado imelowa yote. Na kama kuna aliyekuwa anatetemeka pale, ni yeye, si Siwema.

Wewe uliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, chukua haya machache twende pamoja. Hifadhi ya Taifa ya Kalambwe, kule kusini ukishapita Ilagala, iliona sokwe peke yao hawatoshi. Ikaamua wageni waletewe michezo ya maji: kayaki za plastiki, miwani ya kuzamia wakatazame samaki wa rangi, na boti yenye kioo chini ili hata asiyejua kuogelea aione Tanganyika kwa ndani. Ufukwe ambao akina mama wa kijiji walikuwa wakianika dagaa ukageuka ufukwe wa kuogelea wageni. Wenyewe wakaambiwa wasinung'unike, watoto wao watapata kazi.

Siwema, binti wa Ujiji, akapewa kuusimamia mradi huo. Na mtoto wa kijiji aliyepata kazi alikuwa mmoja tu, Elida, binti wa Skolastika muuza dagaa. Siwema ndiye aliyemfundisha kuzamia. Siwema ndiye aliyekwenda kukaa kwenye mkeka wa mama yake kumbembeleza amruhusu.

Siku ya uzinduzi boti ya kioo ilimpitia Elida akiwa chini ya maji. Propela ikamkata. Yuko hospitali mjini Kigoma, mguu wa kushoto kuanzia gotini haupo tena. Na aliyekuwa kwenye usukani ni Leonardi, mdogo wake Skolastika, mjomba wa mtoto huyo tumbo moja na mama yake.

Leonardi yuko mahabusu kwa kuingiza boti kwenye eneo la waogeleaji. Anasema kamba ya maboya hakuiona. Hifadhi inasema kamba ilikuwepo, na ukienda leo utaikuta inaelea. Basi, jambo lenyewe ni hilo. Kama kamba ilikuwepo, Leonardi ni mfungwa. Kama haikuwepo, kuna mtu aliitoa.

Na Siwema alikuwa ameshaujua ukweli nusu. Kamba ile aliifunga yeye kwa mikono yake. Maboya ya njano mstari mzima, na moja jekundu mwisho wa kaskazini, kwenye kina, ili nahodha akiliona ajue hapo ndipo anapokata kona. Siku hii jekundu alilikuta kusini, kwenye mawe, mahali ambapo boti haiwezi kupita hata ikisukumwa. Aliyeirudisha kamba aliirudisha kinyume. Na kitu hakirudishwi kama hakikutolewa.

"Ni wewe?" Siwema akauliza.

"Ego," Nehemia akaitikia kwa Kiha, kisha akakumbuka kwamba Siwema ni mtu wa Ujiji. "Nilizitoa mimi, dada. Na kuzirudisha ni mimi."

Siwema aliinua mkono ampige. Sikufichi. Siku alizokaa kando ya kitanda cha Elida zilimjaa zote kwenye kiganja. Lakini Nehemia hakukwepa wala hakufumba macho, alisimama tu kungoja, na mtu anayengojea kofi huwezi kumpiga. Mkono ukashuka.

Wakatoka majini wakakaa mchangani, na hapo Nehemia akaeleza. Siku ile yeye alikuwa ufukweni na redio ya mkononi. Boti ya kioo ilikuwa inapita na wageni wakubwa, mpiga picha kasimama mbele. Kando yake wafanyakazi wanapiga makasia kwenye kayaki ili picha ichangamke. Mara akaisikia sauti ya Oswald redioni, kutoka kwenye boti: toeni maboya, yanaharibu picha. Nehemia akatazama. Maboya aliyokuwa nayo yeye yalikuwa yale ya kamba. Akaingia majini akaivuta yote. Alikuwa anakunja kipande cha mwisho aliposikia ukelele.

Oswald aliposhuka kwenye boti aliliona rundo lile la njano mchangani. Hakuuliza kitu. Alisema irudishwe upesi kabla polisi hawajafika. Nehemia akairudisha kwenye maji yenye damu, na hakuangalia jekundu limekaa upande gani.

Siwema siku hiyo hakuwepo Kalambwe. Alikuwa ametumwa Kigoma mjini kupokea wageni wa ndege ya mchana. Lakini alipoyasikia maneno yale ya redioni akashika kichwa, maana alielewa hapo hapo kilichotokea.

Nikuulize na wewe, msomaji: boya ni nini? Kwa watu wa ziwa, kila kinachoelea ni boya. Kibuyu cha kwenye nyavu ni boya. Kamba ya waogeleaji ni maboya. Na lile jaketi la rangi ya chungwa unalovalishwa ukipanda boti, nalo ni boya. Hakuna nahodha kuanzia Kibirizi mpaka ng'ambo ya Kongo atakayekwambia vaa jaketi okoa maisha, atakwambia vaa boya, kaa chini. Ukipanda pale Mwanga, kwa vijana wa bodaboda, boya ni mtu, fala aliyezubaa akaliwa.

Oswald alimaanisha majaketi. Ile rangi ya chungwa ilikuwa inamharibia picha, akaamuru watu wa kwenye boti na wa kwenye kayaki wayavue. Redio ya hifadhi haina siri, akisema mmoja wanasikia wote. Nehemia ufukweni akasikia amri isiyokuwa yake, akaifanya.

Picha zenyewe? Oswald alikwisha sema zimefutika.

* * *

Kikao cha kuchunguza ajali kilikuwa kimepangwa kufanyika ofisi ya hifadhi, Kigoma mjini. Siwema akamchukua Nehemia mpaka nyumbani kwao Ujiji, akampikia ugali wa muhogo na samaki mgebuka wa mawese, akamweleza kama anavyomweleza ndugu.

Alimwambia kwamba Oswald hana pa kutokea. Akisema alimaanisha kamba, amemtia Leonardi ndani bure. Akisema alimaanisha majaketi, amevunja kanuni aliyoisaini mwenyewe, kwamba hakuna mtu juu ya maji ya Kalambwe bila boya mwilini. Huku moto, huku maji. Kinachotakiwa ni Nehemia asimame aseme alichosikia.

Nehemia alitafuna polepole. Mgebuka alikuwa mkubwa lakini Nehemia hakuonekana kumfaidi. Akauliza, "Na mimi nina pa kutokea?"

"Wewe uliambiwa," Siwema akamjibu. "Mtu aliyeambiwa hana kosa."

Liweke neno hilo mfukoni, msomaji. Utalihitaji.

* * *

Mwenyekiti wa kikao alikuwa Mama Frida, mkubwa kutoka makao makuu. Mama mpole kweli kweli. Sauti yake ya chini, kila mtu anamwita mpendwa, kofia yake pana kaiweka mezani na miwani ya jua kaining'iniza kifuani. Alipomwona Skolastika kaingia na kitenge kilichonuka dagaa, aliinuka mwenyewe akampa kiti na chupa ya maji. Alimuuliza hali ya Elida, akatikisa kichwa kwa huzuni. Skolastika akamshukuru sana. Siwema naye akapumua. Akajisemea moyoni, leo tumepata mtu.

Siwema ni mwerevu, lakini siku ile alikuwa mwerevu wa vitu vya kwenye maji tu.

Oswald alisimama na sare yake imepigwa pasi mpaka inakata. Akaeleza kwamba kamba ilikuwepo, nahodha alizembea, hifadhi imesikitika. Siwema akasimama akaeleza boya jekundu. Oswald akasema upepo wa ziwa hili kila mtu anaujua, unageuza hata boti, sembuse kamba. Siwema akajibu kwamba upepo haufungui mafundo mawili na kuyafunga tena upande wa pili. Maafisa waliokuwa kando ya Mama Frida wakatazamana.

Ndipo akaitwa Nehemia.

Akasimama. Akasalimu shikamoo, akavua kofia, akasema ni yeye aliyeitoa kamba, na alifanya hivyo kwa sababu Afande alisema redioni toeni maboya.

Oswald alikuwa hajajua kwamba Nehemia ana ulimi. Siwema akautega mtego wake pale pale: Mkuu atuambie, maboya yapi? Ya kamba, au ya wageni mwilini? Achague moja, na lolote atakalochagua Leonardi anatoka.

Oswald akapangusa paji la uso. Kisha akatazama, na sikiliza vizuri hapa, hakumtazama Siwema wala Nehemia. Alimtazama mwenyekiti.

Mama Frida alikuwa anakoroga chai iliyokwisha korogwa. Bila kuinua uso akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Au labda, Mkuu, ulitumia lugha ya vijana?"

Oswald alichukua muda kidogo kuelewa kwamba ametupiwa kamba. Alipoelewa aliishika kwa mikono miwili. Akasema naam, samahani mwenyekiti, ndivyo ilivyokuwa, ulimi uliteleza. Kulikuwa na watu wa kijiji wamejazana ufukweni wanachungulia, wanaingia kwenye picha. Yeye akasema toeni maboya, kwa maana ya kuwaondoa wale watu. Ni lugha mbaya, anaomba radhi. Lakini kamba hakuitaja, na jaketi la mtu hakulitaja.

Afisa mmoja alicheka. Alijaribu kuificha kwa kukohoa, lakini mwenzake naye akacheka, ikawa kicheko cha chumba.

Skolastika alimgusa Siwema mkono, akamuuliza kwa sauti ya chini wanacheka nini. Kwake yeye boya ni kitu cha kwenye nyavu. Siwema alitamani kumwambia si kitu, mama. Alishindwa kumdanganya. Akamnong'oneza maana yake.

Skolastika akasimama bila kuruhusiwa, na kicheko kikakatika.

"Kumbe ni sisi," akasema. "Tulianika dagaa pale, mkatuambia tuondoke, tukaondoka. Mkatuambia tuwape mtoto, tukawapa. Ni kweli, maboya ni sisi. Lakini boya hata likipigwa na boti haliumii, baba. Mwanangu ameumia."

Akakaa. Mama Frida akasema pole sana, mpendwa, na akamsogezea ile chupa ya maji karibu zaidi. Skolastika hakuigusa.

Siwema alikasirika, lakini hasira nyingine humfungua mtu akili. Akasimama akasema kuna kitu Mkuu amekisahau, amesahau Kiswahili. Amri nzima ilikuwa na maneno mawili zaidi. Toeni maboya, yanaharibu picha. Mtu hata umtukane vipi haambiwi yanaharibu. Mtu anaambiwa wanaharibu. Hata vijana wa Mwanga, akiwa boya mmoja wanasema boya huyu, hawasemi boya hili. Kama Afande alisema ya, alikuwa anasema vitu. Kama alisema wa, alikuwa anasema watu. Kaka huyu aulizwe, alisikia ya au wa?

Nikwambie ukweli, mimi ningekuwa mle ndani ningepiga makofi. Maisha ya watu yalikuwa yamening'inia kwenye silabi moja, na Siwema ndiye aliyeiona.

Mama Frida akaweka kijiko chini. Akamgeukia Nehemia. "Ya au wa, mpendwa?"

"Ya," akasema Nehemia.

"Una hakika?"

"Hakika, mama. Alisema yanaharibu."

Oswald akaomba kumuuliza shahidi swali moja tu, dogo. Akasogea karibu, na sasa uso wake ulikuwa umetulia, mtu aliyekwisha kuiona njia. Alimwomba Nehemia aeleze tena, polepole, kwa maneno yake mwenyewe, baada ya kuisikia amri alifanya nini.

Maskini Nehemia. Amezaliwa Buhigwe, Kiswahili alikikuta shuleni, na shule yenyewe hakukaa. Akaeleza kwa moyo wake wote. "Nilisikia toa maboya, basi nikaingia, nikazitoa maboya zile zote, nikaziweka kwenye mchanga, nikazikunja."

Safari hii hawakujificha, walicheka waziwazi. Oswald hakucheka. Akarudi kwenye kiti chake, akakaa, akapanga karatasi zake zikalingana.

Mama Frida akangoja wanyamaze. Kisha akasema kwa upole ambao mpaka leo Siwema akiukumbuka anatapika, kwamba hakuna anayemlaumu mtu kwa lugha ya kuzaliwa. "Lakini mpendwa, wewe ya na zi zinakuchanganya hapa hapa mbele yetu. Tutajuaje kama ya na wa hazikukuchanganya siku ile?"

Nehemia akamtazama. Yeye alijua alichosikia. Kwamba mtu anaweza kusikia sawasawa na kusema kombo, hilo kila Muha, kila Mbembe na kila Mrundi wa pwani hii analijua tangu utotoni. Pale mezani hawakulijua, au walilijua wakaliacha lipite.

Uamuzi ulisomwa kabla chai haijapoa. Kikao kimeridhika kwamba kamba haikuwepo wakati wa ajali. Kwa hiyo nahodha Leonardi hana hatia, hifadhi itaondoa malalamiko yake polisi, aachiwe leo hii.

Skolastika alimshika Siwema mkono kwa nguvu. Siwema akafumba macho. Tumeshinda, akafikiri.

Mama Frida akageuza ukurasa. Kikao kimeridhika pia kwamba kamba ilitolewa na mtunza ufukwe Nehemia, bila amri iliyohusu kamba, kwa uzembe wake, kama alivyokiri kwa kinywa chake mwenyewe mbele ya mashahidi wote. Polisi wakija kumleta huyo mmoja, watamchukua huyu.

Hakuna aliyecheka sasa. Nehemia alirudisha kofia kichwani, akaivua tena, akakumbuka yuko ndani. Akamgeukia Siwema, na wala hakuwa na hasira, aliuliza tu kama mtu anayetaka kujua.

"Dada, si ulisema aliyeambiwa hana kosa?"

Siwema alimlisha mgebuka wa nyumbani kwao, kisha akamtoa kafara yeye mwenyewe. Kama kuna boya mle ndani, akajisemea, ni mimi.

Alipokuwa anatoka Oswald alimpitia karibu, akamkumbusha kwamba Jumamosi kuna kundi la wageni wa kayaki na mradi lazima uendelee. Akamwomba aifunge ile kamba vizuri. "Na jekundu uliweke kaskazini," akasema.

* * *

Difenda la polisi lilipanda mlima likasimama nje ya ofisi. Akashuka Leonardi, viatu havina kamba, shati lilelile la siku ya uzinduzi. Gari hilo hilo moja, lilimshusha mmoja likampakia mwingine. Nehemia na Leonardi walipishana mlangoni, na Leonardi, asiyejua lolote, akamsalimu mwenzake "Mwakeye," kama wanavyosalimiana kila asubuhi kazini. Nehemia akaitikia akapanda.

Skolastika alimkumbatia mdogo wake pale pale kwenye vumbi. Hakuna aliyemtaja Elida. Leonardi alilia kwenye bega la dada yake kwa namna ambayo hata askari mmoja aligeukia ukuta.

Siwema alikuwa amesimama kando, anatafuta jinsi ya kumwambia Leonardi uhuru wake umelipwa na nani. Ndipo Mama Frida akatoka. Jua lilikuwa kali. Akavaa kofia yake pana, akavaa na miwani yake ya jua, akaanza kuteremka ngazi kuelekea kwenye gari lake.

Leonardi akaacha kulia.

"Shikamoo mama," akasema. "Leo umekuja bila mpiga picha?"

Mama Frida hakusimama. Aliongeza mwendo. Siwema akamshika Leonardi begani akamuuliza anamjua wapi yule.

"Nitaachaje kumjua? Si ndiye aliyekaa kiti cha mbele, juu ya kioo? Tulipita mara ya kwanza vizuri tu, kamba naiona, nikakata kona. Yeye akaitazama picha akasema hajatoka vizuri, turudie. Akasema maboya yanaharibu picha. Mkuu akachukua redio akayasema maneno yake vile vile."

Siwema akageuka kumtazama yule mama. Kofia na miwani. Nehemia alikuwa mbali ufukweni, asingeweza kuuona uso. Waliokuwa kwenye kayaki wangali na ajira ya kuilinda. Na mtu wetu pekee aliyemwona kwa karibu alikuwa amefungiwa mahabusu tangu siku hiyo.

"Leonardi," akasema. "Alisema yanaharibu, au wanaharibu?"

Leonardi akamshangaa. "Yanaharibu, dada. Kwani kuna namna nyingine?" Siwema akamweleza upesi kwamba Nehemia ndiye aliyeitoa kamba akiitii amri hiyo, na ndiye anayechukuliwa badala yake.

Kioo cha gari kikashuka. Mama Frida alikuwa amekwisha kaa ndani, miwani usoni, na sauti yake ilikuwa ileile ya chini, ya kumpa mtu maji. "Leonardi mpendwa, kuachiwa kwako kumeandikwa leo, na wino wenyewe haujakauka. Unataka turudi ndani ukayaseme hayo rasmi?"

Unaona alivyomweka? Akinyamaza, anakwenda hospitali leo kumwona Elida na dada yake anarudi kijijini na ndugu yake. Akisema, karatasi inachanwa. Skolastika alikuwa amemshika Leonardi mkono wa shati, kaukunja ndani ya ngumi yake. Nyuma ya difenda Nehemia alikuwa anawatazama wote kupitia wavu, kofia magotini. Dereva wa difenda akawasha injini.

Skolastika alimtazama yule mama ndani ya gari. Kisha akamtazama Nehemia. Akaufungua ule mkono, akaliachia shati.

Leonardi akaanza kutembea. Hakwenda kwenye gari la mwenyekiti. Alikwenda moja kwa moja kwenye difenda, akafungua mlango wa nyuma mwenyewe, akapanda, akaketi ubavuni mwa Nehemia.

"Tupelekeni wote," akamwambia askari. "Yeye aseme nani alitoa maboya. Mimi nitasema nani alitaka yatolewe."

Askari akabaki na mkono kwenye mlango, hajui afunge au asifunge. Akageuka kumtazama Mama Frida apate kuelekezwa.

Mama Frida alikuwa amevua miwani. Simu ilikuwa tayari sikioni, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, hakuwa anamwita mtu mpendwa.